Mwanamume wa Chini ya Sakafu

Kila alipomaliza kunywa, Platon hakuweza kumtazama mkewe usoni.

Aligeukia ukuta, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akajifuta tena, kana kwamba aibu nayo hupanguswa. Ustinya alijifunga leso yake kichwani, akaishusha mpaka shingoni, akakaza fundo, kisha akangoja. Kungoja alikuzoea. Alimngoja mume huyu tangu siku alipokwenda vitani Krimea na wanamgambo wa mkoa wa Kostroma. Alimngoja hata habari zilipokuja kwamba amefukiwa huko na wenzake katika shimo moja, bila jeneza wala msalaba. Hata usiku ule wa vuli alipogonga dirisha, mweupe kama nta, akasema, "Ustya, siwezi kuingia mpaka unikaribishe," hakumuuliza ametoka wapi wala amekuwa nini. Alisema tu, "Karibu, mume wangu." Ndivyo marehemu alivyorudi nyumbani kwake, kwa kukaribishwa kama mgeni.

"Nitazame," Ustinya alisema.

"Nimekunywa sana leo."

"Sikukuuliza umekunywa kiasi gani. Nimesema nitazame."

Hakugeuka. Mchana ulikuwa wa kijivu, theluji ilikuwa inateremka polepole nje, na mbao za madirisha Ustinya alikuwa amezifunga nusu, kwani mwanga mkali ulimuunguza Platon ngozi. Katika kiza kile mabega yake yalikuwa bado mabega ya yule kijana aliyemchukua kwenye michezo ya theluji, akamwangusha, kisha akamwomba radhi kwa namna ambayo wasichana wote walimwonea wivu.

"Nilihisi moyo wako ukipunguza mwendo," alisema. "Nilihisi, Ustya, na bado nikaendelea. Unaelewa ninachokwambia?"

"Uliacha."

"Niliacha uliponipiga begani."

Ilikuwa kweli. Damu ya ndama aliyoinunua kwa mchinjaji ilimtuliza mumewe siku mbili tatu, kisha njaa ikarudi na jicho lake likaanza kumfuata shingoni huku lenyewe likijikemea. Mara zote ni yeye Ustinya aliyefungua leso. Mara zote ni yeye aliyesema, "Njoo." Na jambo alilolionea haya hata mbele ya nafsi yake ni kwamba hakulichukia. Alipoinamiwa vile, baridi ya midomo ile ikimgusa chini ya sikio, alijiona mke tena.

"Mama anataka kukuoza kwa Sidor Lukich," Platon alisema. "Nilimsikia alipokuja juzi kufuata kabichi. Kubali."

"Kitambi cha Sidor Lukich kinafika mlangoni kabla yake mwenyewe."

"Ana damu mwilini."

"Hata nguruwe anayo."

Alikaribia kucheka. Ustinya aliliona bega likitikisika, akasogea, akaweka shavu lake mgongoni pake. Hapakuwa na joto, wala mapigo. Palikuwa na yeye tu.

"Basi mwambie mama ukweli," alimnong'oneza. "Anakuja, anakaa kwenye lile benchi, anakulilia, nawe uko chini ya nyayo zake. Mimi ndiye ninayemfuta machozi na mdomo nimeufunga. Hujui inavyonikata."

"Hapana."

"Ni mama yako, Platosha."

"Ndiyo maana. Anayemlilia ni mwana mwema. Akiniona hivi nilivyo, hata huyo atamkosa." Sasa aligeuka, lakini macho aliyaelekeza kwenye fundo la leso. "Uliniapia. Useme lolote, ila hilo usiliseme."

"Niliapa," Ustinya alisema. "Najuta, lakini niliapa."

Kengele za farasi zikasikika barabarani.

Haikuwa siku ya mavyaa, mama yake Platon, kuja. Platon alifungua mlango wa sakafuni, akateremka kwenye ghala la chini penye mapipa na giza, na Ustinya akaufunika kwa mkeka. Akazungusha macho chumbani kwa haraka, na kwa haraka ile asione kitu. Alipokuwa akifungua mlango wa mbele ndipo alipokumbuka kila kitu kwa pamoja, na walikuwa wameshaingia.

Malanya Savvichna, mama mkwe wake, alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa nyeusi tangu habari za Krimea. Nyuma yake, akijikung'uta theluji kwenye koti la ngozi ya kondoo, alikuwa Zotovna, mshenga wa Galich, mwanamke mnene, mwepesi wa ulimi, aliyejivunia kuwa hakuna ndoa wala talaka iliyofanyika wilaya nzima bila yeye kujua kilichopikwa siku hiyo.

"Shikamoo, mama," Ustinya aliinama. "Karibu, Zotovna."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Malanya alimbusu mashavuni. "Mbona baridi hivyo? Unaumwa?"

"Haumwi huyo, ni upweke," Zotovna alidakia, akajipweteka kwenye benchi bila kukaribishwa. "Upweke ni ugonjwa, na dawa yake nimekuja nayo. Ustinya Prokhorovna, sizunguki mbuyu. Kwenu kuna bidhaa, kwetu kuna mnunuzi. Mnunuzi ana duka la shayiri, paa la bati, na meno yake yote isipokuwa mawili, na hayo mawili hayaonekani akinyamaza."

"Zotovna," Malanya alimkanya, lakini kwa tabasamu. Akamgeukia mkwewe, sauti ikashuka. "Mwanangu, sikufukuzi. Hii nyumba ni yako. Ila wewe bado kijana, na mimi nimechoka kukuona unazeeka kwa ajili ya mtu aliyelala. Platosha mwenyewe angekuwa hai angesema hivyohivyo."

Ustinya aliutazama mkeka. Akaondoa macho upesi.

Malanya alikwenda kwenye kona ya picha takatifu ili ajifanyie ishara ya msalaba, kama afanyavyo kila aingiapo nyumba yoyote. Mkono wake uliishia njiani. Picha ya Mama wa Mungu, ile aliyompa Ustinya siku ya harusi, ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Nani amemfunika?"

"Moshi, mama. Tanuri lilitoa moshi."

"Taa yake je, nayo imezimwa na moshi?"

Ustinya hakujibu. Tangu vuli taa ile haikuwashwa, maana Platon alipoitazama picha ile aliumwa macho hadi akatoa machozi.

"Malanya," Zotovna aliita polepole. Alikuwa ameokota kitu kwenye benchi. Lilikuwa shati la kiume, jipya, nusu limeshonwa, sindano bado iko kwenye kola. Alilitandaza magotini, akalipima shingo kwa vidole. "Hili si la Sidor Lukich. Sidor hapa angepitisha sikio tu." Akageuza macho kwenye tanuri. "Na vile viatu vya nani? Marehemu hukanyaga theluji siku hizi? Maana vimelowa."

Wote watatu walivitazama viatu. Chini yake palikuwa na kidimbwi kidogo cha maji.

"Ustinya," Malanya alisema. "Kuna mwanamume humu ndani?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ustinya hakuona hata hiyo fupi. Angesema shati ni la mteja, viatu ni vya mkata kuni, na labda mavyaa angetaka kuamini. Lakini macho yake yalimsaliti, yakaenda tena kwenye mkeka, na macho ya Malanya yakayafuata. Malanya akapiga hatua. Ustinya akamtangulia, akasimama juu ya mkeka kwa miguu yote miwili.

"Sogea."

"Siwezi, mama."

"Kwa hiyo yuko."

Ustinya alihisi joto likipanda kutoka kifuani, likafika shingoni, likamwakia masikioni. Alimwona Zotovna ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, kama aliyekwisha kuanza kusimulia. Akafikiria kiapo chake. Akamfikiria yule aliye chini, anayesikia kila neno.

"Yuko, mama. Ni mwanamume wangu."

Kofi lilimfikia kabla hajamaliza. Halikuwa kofi la nguvu, lakini Ustinya hakuwahi kupigwa na mtu huyu. Katika miaka yote aliyoolewa, mavyaa yake alimwita mwanangu, akamsukia nywele, akamfundisha kusokota kitani. Ndiyo maana shavu halikumuuma hata kidogo, na mahali pengine pote paliuma.

"Mwanangu yuko shimoni na watu asiowajua," Malanya alisema. "Arobaini yake niliisomea hewani kwa kuwa kaburi sina. Na wewe ukamfunika Mama wa Mungu macho ili uzini kwenye kitanda chake."

"Nisamehe, mama."

"Usiniite mama."

Zotovna aliinuka, akalirudisha shati kwenye benchi kwa ncha za vidole viwili. "Mimi nitangoja nje, farasi ni wangu na baridi ni yangu. Sidor Lukich akawashe mshumaa mkubwa kanisani, Mungu amemwepusha. Na wewe Malanya, usije ukasema sikukwambia. Lango hili vijana watalipaka lami kabla ya Jumapili." Akatoka, na hakuvuta mlango vizuri, ikabidi Malanya aufunge mwenyewe.

Lango la mwanamke likishapakwa lami, alama ya mzinzi, hata kisimani hasalimiwi tena. Ustinya alilijua hilo. Aliinamisha kichwa akaona machozi yake yanadondokea mkeka, na akaomba tu yasipenye mbao.

"Mtoe," Malanya alisema. "Mtoe nimwone. Nataka nimjue aliye bora kuliko mwanangu."

"Si bora kuliko yeye. Niadhibu unavyotaka, nifukuze, nitakwenda hata sasa. Ila usinitake nifungue hapa."

"Unampenda kiasi hicho?"

"Ndiyo."

Jibu lile lilimtia Malanya wazimu. "Basi leso ya mke huistahili," alisema, akaikamata leso ya Ustinya, akaivuta. Fundo lilikuwa gumu, likakataa, kisha likafunguka, na nywele za Ustinya zikaanguka mabegani. Kwa mwanamke aliyeolewa, kuvuliwa hivyo ni sawa na kuvuliwa nguo. Alijikunja, akaweka mkono shingoni. Alichelewa.

"Nini hicho?"

"Si kitu."

"Ondoa mkono." Malanya aliuondoa yeye. Alama zilikuwa mbilimbili, za zamani zimefifia, za leo bado nyekundu. "Anakuuma? Ustinya, mnyama gani umemweka humu? Anakuuma nawe unamfunika?"

"Mwache, mama."

Sauti ilitoka chini ya miguu yao. Haikuwa kubwa. Malanya alitazama chini, mkono wake bado umeishika shingo ya mkwewe, na Ustinya akahisi vidole vile vikianza kuwa baridi.

"Nani amesema?"

"Mwache Ustya. Hana kosa. Ni mimi."

Ustinya alikimbilia madirisha, akafunga mbao zote, chumba kikawa giza isipokuwa mwanga wa tanuri. Mkeka ulijiinua. Platon alipanda ngazi, akasimama mahali mwanga usipofika, mikono miwili usoni.

"Usinitazame, mama."

"Teremsha mikono," Malanya alisema.

"Nakuomba."

"Nimekuzaa. Teremsha mikono."

Akaiteremsha. Malanya alimtazama kwa muda ambao Ustinya aliona hauishi. Hakupiga kelele, wala hakujifanyia ishara ya msalaba. Alimwendea, akamgusa shavu, akashtuka kwa ubaridi wake, na hata hivyo hakuutoa mkono.

"Umekonda," alisema.

Platon aliuegemeza uso kwenye kiganja kile.

"Uko hapa tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakaa pale, nalia."

"Nilikusikia. Nilijiziba mdomo kwa mikono ili nisikuite. Mama, mimi nilikufa. Ni kweli walinizika. Sijui nani alinifanyia hivi wala kwa nini. Niliamka shimoni na njaa. Mizinga sikuiogopa kama nilivyokuogopa wewe. Nilisema, akijua, atamwita padri, watakuja na mti uliochongwa wa kunichoma moyoni."

Malanya aliutoa mkono sasa. "Nilikuwa msichana walipomfukua Yefim mfinyanzi," alisema. "Walisema anaamka usiku. Niliwashikia wanaume taa. Nilikuwa mbele kabisa nione vizuri, na mkewe akilia huko nyuma, tukamzomea." Kisha akauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, kwa sauti ya kila siku, bila kufikiri: "Unakula nini?"

Kuni zilipasuka tanurini. Platon aliinamisha kichwa chini kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni, na Ustinya, asiyestahimili kumwona vile, akasema badala yake:

"Damu ya ndama, mama. Na yangu kidogo."

Malanya akageuka. Aliutazama uso wa mkwewe usio na rangi, na katikati ya weupe ule, alama ya kofi. Aliketi kwenye benchi, akaliona shati liko karibu yake, akalichukua, akalishika kwenye mshono pale sindano ilipoishia.

"Nimekuita mzinzi," alisema.

"Hukujua."

"Nimekuvua leso."

"Hukujua, mama."

"Na kofi nimekupiga mbele ya Zotovna."

Nje farasi alikoroma, na sauti ya Zotovna ikaja kupitia mlangoni, imejaa baridi na hamu: "Malanya! Huyo hawara katoka, au niwaite wanaume na magongo?"

Platon aliinua kichwa. "Nitatoka mimi. Anione. Ustya asitiriwe."

"Utatoka uende wapi?" Ustinya alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kwenye jua? Kwenye mti wao? Afadhali lami langoni. Nitaikwangua, itatoka, na isipotoka nitaizoea. Kukukosa tena sitaweza. Nilishajaribu, sikuweza."

Ndipo Platon alipomtazama. Alimtazama usoni, machoni, bila kukwepa, mbele ya mama yake, kwa namna ambayo Malanya aligeukia pembeni kuwapa nafasi. Malanya alipogeuka tena alikuwa ameshasimama. Aliokota leso sakafuni, akaikung'uta, akamkusanyia Ustinya nywele zake kama zamani, akazifunika, akaishusha leso mpaka ikasitiri shingo, akafunga.

"Sijui kama huyu ni mwanangu au ni adhabu yangu," alisema. "Sitaki unijibu, Platon. Sina wa kumuuliza na sitamuuliza yeyote. Rudi chini. Wewe Ustinya, fuatana nami mpaka mlangoni, na nikisema neno, usinikanushe."

Theluji ilikuwa imeacha. Zotovna alikuwa amejikunyata ndani ya gari la theluji, amefunikwa ngozi hadi puani, macho tu yakiwaka.

"Enhe?"

"Hakuna wa kuitwa," Malanya alisema, akipanda. "Huyo mwanamume ni wangu."

"Wako vipi?"

"Wangu. Unataka nikuimbie?"

Zotovna alitoa pua nje ya ngozi. "Malanya Savvichna. Wewe?"

"Kila mara nasema nakuja kufuata kabichi. Wewe uliona wapi mjane mmoja anakula kabichi kiasi hicho?"

Ustinya alishika nguzo ya mlango. Alitaka kusema, akakumbuka alivyoagizwa.

"Lakini binti mwenyewe kasema ni wake," Zotovna alisema. "Nimesikia kwa masikio haya."

"Alikuwa ananisitiri. Nami kwa woga nikamzaba kofi, nikamwacha aibebe aibu yangu. Mama mkwe mzima. Sasa umejua nani wa kuonewa haya."

"Na shati?"

"Analishona yeye. Macho yangu hayaoni tundu la sindano."

Zotovna alimtazama kwanza kwa kutoamini, kisha kwa huruma, kisha kwa furaha kubwa ambayo hakuweza kuificha. "Mwenye kufunga saumu zote," alisema taratibu, akiyaonja maneno. "Anayeshika nafasi ya mbele kanisani. Na kwa umri huo, Malanya."

"Umri wa nani? Shika hatamu."

Zotovna alishika hatamu. Ubinadamu kidogo ulimjia, akashusha sauti. "Nikupitishe njia ya msituni? Jumamosi hii wanawake wote wako kisimani."

"Pita kisimani," Malanya alisema. Alivuta shali yake nyuma, uso ukabaki wazi. "Nenda polepole."

Hakugeuka kumtazama mkwewe. Kengele ziliondoka zikapita lango, na Ustinya akaiona shingo ya mavyaa imenyooka juu ya ngozi za kondoo mpaka gari lilipoingia njia ya kijiji, na huko kisimani wanawake wakaanza kutua ndoo zao.

Alifunga mlango. Chumba kilikuwa na giza, na Platon alikuwa hajashuka. Alikuwa amekaa sakafuni kando ya shimo la ghala, shati magotini.

"Kuta zimeniziba," alisema. "Sikusikia. Amemwambia nini?"

Ustinya alikaa karibu yake. Shavu sasa ndipo lilipoanza kumuuma.

"Amemwambia wewe ni wake," alisema, na Platon akaufunika uso kwa shati.